Mzio wa karanga: tuanzie kwenye mashine ya kusaga

Mzazi akishathibitishiwa na daktari kwamba mwanawe ana mzio wa karanga, kwa kawaida husafisha kabati siku hiyohiyo. Kopo la siagi ya karanga linatolewa, kashata zinapigwa marufuku, dada wa kazi anaambiwa asiunge tena mchicha kwa karanga. Baada ya siku chache mtoto anakunywa uji wa mahindi matupu na midomo inavimba. Nyumba nzima inachanganyikiwa, maana hakuna karanga iliyoingia sufuriani. Iliingia mapema zaidi, kule unga uliposagwa.

Mashine ya mtaani haina mteja mmoja. Huyu kaleta mahindi makavu, anayefuata kaleta mchanganyiko wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, pengine na ngano. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo unga wake haupiti ukaisha. Unaganda kwenye chekeche, kwenye kuta za ndani na kwenye mfuko wa kupokelea unga. Mteja wa tatu akimimina mahindi yake, kilo za mwanzo ndizo zinazokomba mabaki ya yule aliyemtangulia. Karanga moja ina protini ya kama miligramu 250 hadi 300, na wapo watoto wanaopata dalili kwa miligramu chache tu. Vumbi la mashine linatosha kabisa.

Ushauri wa "wahi asubuhi uwe wa kwanza" hausaidii sana, kwa sababu mabaki ya jana jioni bado yamo ndani. Kutanguliza kilo kadhaa za mahindi na kuziweka kando kwa ajili ya kuku kunapunguza karanga, hakuziondoi. Kwa mtoto aliyewahi kupata shida ya kupumua, msitegemee njia hiyo. Ulizeni mtaani kama ipo mashine isiyosaga lishe kabisa, au mwenye mashine mbili aliyeitenga moja kwa nafaka tupu na anaisimamia kweli. Kama haipo, nunueni unga uliofungashwa na kiwanda kinachosaga mahindi peke yake, au sageni nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono au blenda ambayo haijawahi kuona karanga. Kazi ni nyingi, lakini uji ni chakula cha kila siku cha mtoto mdogo, na chakula cha kila siku ndicho cha kulinda kwanza.

Ukiondoa karanga kwenye lishe, umeondoa pia mafuta na protini alizokuwa anazitegemea. Hapo watoto wengi hukonda bila mtu kujua sababu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kikitiwa kwenye bakuli la uji ulioiva kinaongeza kama kilokalori 40. Protini itoke kwenye yai, maziwa, kunde, maharage au unga wa dagaa, kwa kadiri anavyovistahimili. Msimfungie mtoto kila kitu kinachofanana na karanga. Karanga ni jamii ya kunde, lakini watoto wengi wenye mzio wake hula maharage na kunde bila shida, na wengi hula nazi vilevile. Korosho ni mzio wa peke yake unaohitaji kupimwa, na mwenye mzio wa korosho mara nyingi huwa nao wa pistachio pia. Orodha ya vinavyokatazwa itoke kwa daktari, iwe fupi na ya uhakika. Orodha ndefu iliyotokana na woga huvunjwa na watu, kisha nayo ya lazima huvunjika pamoja nayo.

Kinu, mwiko na mikono

Kinu cha mti kilichotwangiwa karanga kimekwisha kunywa mafuta yake. Hakisafishiki kwa kuoshwa. Ndivyo ilivyo kwa mwiko wa mti na ubao wa kusukumia chapati. Kama wengine nyumbani wanaendelea kula karanga, wekeni seti mbili na ya mtoto itiwe alama isiyotoka, mfano waya mwekundu uliofungwa kwenye mpini, na ikae mahali pake. Sufuria na sahani za chuma hazina tatizo zikisuguliwa kwa sabuni na maji safi, ila kitambaa au sponji iliyosugua sufuria ya mboga ya karanga isiguse vyombo vya mtoto. Beseni moja la maji linaloosha vyombo vyote vya nyumba, kuanzia asubuhi hadi mchana, linasambaza karanga badala ya kuziondoa.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Sanitaiza huua vijidudu, lakini protini ya karanga si kijidudu, inabaki palepale kwenye ngozi. Maji matupu nayo hayatoshi. Mtu aliyemenya karanga aoshe mikono kabla hajambeba mtoto, na asionje chakula cha mtoto kwa kijiko kilekile. Harufu ya karanga hewani si ya kuogopa kama wengi wanavyodhani. Hatari kubwa ni kinachoingia mdomoni, kikiwemo kilichotoka kwenye vidole vya mtoto mwenyewe.

Moto hauokoi. Kuchemsha hupunguza protini kidogo kwa kuwa nyingine huhamia kwenye maji, na kukaanga kwa moto mkavu huzidisha ukali wake. Kwa hiyo hoja ya kwamba "zimeiva vizuri" isikubaliwe na mtu yeyote nyumbani.

Chakula cha nje

Ukimuuliza mama ntilie "ina karanga?", atajibu hapana kwa moyo safi huku ametia vijiko viwili vya kuungia, kwa sababu kwake hiyo ni mboga ya majani na si mboga ya karanga. Uliza hivi: "Mboga hii umeiunga na nini?" Kisha nyamaza asimulie. Kisamvu, matembele, mchicha na mlenda ndivyo vinavyoficha karanga zaidi, kwa kuwa zikishasagwa na kuiva hazionekani. Ukivuka kwenda Uganda, mchuzi wa karanga ni chakula cha kawaida mezani. Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo, sombe, yaani kisamvu cha huko, nayo mara nyingi hutiwa karanga. Kenya taja njugu na karanga pamoja, maana muuzaji anaweza kulijua jina moja tu.

Vitafunwa vya barabarani vinaangushwa na vyombo kuliko mapishi. Kashata za nazi hukatwa kwenye sinia moja na za karanga, kwa kisu kimoja. Mwenye bisi mara nyingi anauza na karanga, na kikombe cha kuchotea ni kimoja. Anayekaanga karanga za mayai nyumbani ndiye anayekaanga visheti, na mafuta hayamwagi. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani kwa kiwango cha juu huwa hayana protini kiasi cha kudhuru, lakini mafuta yaliyokwisha kukaangia karanga yana chembe zake, na mafuta ya karanga yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo yana protini tangu mwanzo. Msimamo wetu ni mkali hapa: mtoto mwenye mzio asile kitu chochote kilichozamishwa kwenye mafuta ya mtu msiyemjua.

Vya pakiti ni rahisi kidogo. Someni orodha ya viambato kila mnaponunua, hata bidhaa mliyoizoea, kwa sababu viwanda hubadilisha mapishi bila kutangaza. Kwenye lebo za Kiingereza karanga huandikwa "peanut", "groundnut" au "arachis". Onyo la kwamba huenda kuna chembe za karanga huwa la hiari katika nchi nyingi, kwa hiyo pakiti isiyo na onyo haijathibitishwa kuwa salama. Na pakiti ya nailoni isiyo na lebo yoyote iachwe dukani.

Kwenye harusi, futari na sikukuu, mtoto ale ashibe nyumbani kwanza. Pilau, biriani na tambi hupambwa kwa korosho au zabibu dakika ya mwisho na mtu asiyehusika na upishi, na halwa huwa na njugu za aina mbalimbali. Ubebe chakula chake kwenye kontena lenye jina, naye azoee mapema kusema, "Asante, nina chakula changu."

Watu wanaompenda

Chembe nyingi humfikia mtoto kwa mkono wa mtu mwenye mapenzi. Bibi anasema mbona sisi tulikula na hatukudhurika, mpe kidogokidogo azoee. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Ipo tiba ya namna hiyo, na dawa ya unga wa karanga ya Palforzia iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Lakini tazameni vipimo vyake: siku ya kwanza mtoto anaanza na nusu miligramu ya protini, mbele ya wahudumu wenye dawa ya dharura mkononi, na anapandishwa kwa miezi mingi hadi kufikia miligramu 300, yaani karanga moja. Bibi akimpa karanga moja "ya kuzoea", amempa mara mia sita ya dozi ya kuanzia, sebuleni. Mwambieni hivyo kwa heshima na kwa hesabu: "Bibi, hata hospitali wanaanza na kipande kisichoonekana kwa macho. Naomba asile chochote ambacho mimi sijakiona." Hesabu huwaelewesha wazee kuliko katazo.

Shuleni andikeni karatasi moja tu, yenye picha ya mtoto, kinachomdhuru, dalili zake, dawa ilipo, na namba mbili za simu zinazopokelewa mchana. Karatasi mbili hazisomwi. Nakala moja iende kwa mwalimu wa darasa, nyingine ibandikwe jikoni, kwa kuwa anayepika uji wa shule ndiye mtu muhimu kuliko wote na ndiye anayesahaulika. Kama uji wa shule ni wa lishe yenye karanga, mtoto abebe chupa yake. Mwalimu awe na kopo la biskuti salama za mtoto huyo kwa siku keki ya birthday inapoletwa bila taarifa. Asitengwe na wenzake, akae nao mezani, ila kanuni ya kutobadilishana chakula iwe ya darasa zima na siyo yake peke yake. Madrasa, Sunday school na gari la shule navyo vina watu wazima wanaohitaji karatasi hiyohiyo.

Dalili, na wakati wa kuacha kusubiri

Dalili za mzio huanza ndani ya dakika chache, mara chache hadi saa mbili baada ya kula. Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Pitisha kiganja kwenye mgongo na tumbo uhisi mabaka yaliyoinuka kama ya kuumwa na mbu, mulika tochi kwa ubavu uone vivuli vyake, angalia midomo, kope na masikio kama vimevimba, na uone anakojikuna. Mtoto asiyejua kuongea hujisugua ulimi, hulia kwa sauti iliyokauka, au hulegea ghafla na kutaka kulala.

Mabaka peke yake, bila kitu kingine, yanahitaji dawa ya kunywa ya mzio kama setirizini na jicho lisilobanduka. Lakini kikohozi kisichokatika, sauti ya kukoroma, kupumua kwa mlio, ulimi kuvimba, au kulegea na kupauka, hata kimoja tu baada ya kula karanga, ni hatari ya kufa. Kutapika mfululizo pamoja na mabaka ni vivyo hivyo. Dawa yake ni adrenalini ya sindano, sasa hivi. Piritoni na setirizini hupunguza mwasho, hazifungui koo wala hazipandishi presha. Haidrokotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Pampu ya pumu inaweza kufuata baada ya adrenalini, haiwezi kushika nafasi yake. Na maziwa ya "kukata sumu" hayakati kitu: mzio si sumu, na mtoto aliyevimba koo akinyweshwa maziwa anaweza kupaliwa.

Kalamu za adrenalini zinazojichoma zenyewe ni adimu na ghali Afrika Mashariki. Ndugu aliye Ulaya au Ghuba akiweza kuleta, angalieni tarehe ya mwisho kwanza. Ya miligramu 0.15 kwa kawaida ni ya mtoto wa kilo 15 hadi 30, ya 0.3 ni ya mzito zaidi. Wengi watabaki na ampuli na bomba la sindano, na hilo linawezekana kama daktari ameandika dozi na muuguzi amewafundisha kwa vitendo. Mwombeni mambo haya waziwazi.

Ampuli iwe imeandikwa 1 mg/ml, yaani 1:1000. Ipo nyingine ya 1:10,000 ya kutumia hospitali kwenye mshipa, msiichukue. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, isiyozidi 0.3. Kwa hiyo kilo 10 ni mililita 0.1, kilo 15 ni 0.15, kilo 20 ni 0.2, kilo 30 ni 0.3. Bomba liwe la mililita 1 lenye mistari ya 0.01, na sindano ya kama milimita 25 ili ifike kwenye msuli. Bomba la insulini lisitumike: mistari yake ni ya uniti, na mkono unaotetemeka ukisoma vibaya unakosea mara kumi. Sindano yake nayo ni fupi, dawa inaishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi.

Kwenye kipochi wekeni ampuli mbili, mabomba matatu, kipande cha shashi cha kuvunjia shingo ya kioo, na kadi ya dozi yenye mstari mwekundu uliochorwa kwenye picha ya bomba. Dawa hii huharibiwa na mwanga na joto. Isiachwe kwenye gari, dirishani, wala juu ya friji. Isigandishwe. Kabati la chumba chenye ubaridi zaidi ndilo mahali pake, na likizidi nyuzi 25 mara kwa mara, badilisheni mapema kuliko tarehe iliyoandikwa. Ikibadilika rangi kuwa pinki au kahawia, au ikiwa na chembe, itupwe. Kila anayebaki na mtoto afanye mazoezi ya kuvunja ampuli ya maji, kuvuta dozi na kuchoma chungwa, hadi aweze ndani ya dakika moja.

Siku ikifika: mlaze mtoto chali, miguu iinuliwe. Akihangaika kupumua, aketi miguu imenyooshwa. Asisimame wala kutembea, hata kama amepata nafuu, kwa sababu presha ikiwa chini, kusimama ghafla kunaweza kusimamisha moyo. Mtu mmoja akandamize mguu kwa nguvu, maana mtoto akirusha teke sindano humchana. Choma katikati ya paja upande wa nje, wima, sukuma dawa yote, toa sindano, andika saa. Baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu, rudia dozi ileile. Kisha hospitali, hata akiwa anacheka, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Anahitaji kuangaliwa huko si chini ya saa 4 hadi 6.

Usafiri upangwe kabla. Bodaboda ni ya haraka lakini humlazimisha mtoto akae wima katikati ya watu wawili, jambo baya kabisa kwa aliyelegea. Wekeni namba za madereva wawili wa gari au bajaji wanaoishi karibu, na mjue ni kituo gani cha karibu chenye adrenalini na oksijeni usiku. Nendeni mkaulize mchana mmoja.

Kliniki

Mtoto mwenye pumu ambayo haijatulia yumo kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mwenzake, kwa hiyo dawa za pumu za kila siku ni sehemu ya kinga ya mzio. Akipelekwa kliniki kwa uzito mdogo, tamkeni mzio kabla hajapimwa. Chakula tiba cha pakiti za gramu 92, kile laini kinachotolewa kwa utapiamlo mkali, hutengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Wahudumu wanaweza kutumia maziwa tiba ya F-100 badala yake, ambayo hayana karanga. Kwa wenye mzio wa mayai, chanjo ya surua ni salama, ila chanjo ya homa ya manjano hukuzwa kwenye mayai na lazima muuguzi ajue kabla.

Akizaliwa mdogo wake, msimzuie karanga kwa woga. Utafiti wa LEAP uliochapishwa 2015 na kundi la Gideon Lack wa King's College London ulifuatilia watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi (ekzema) au mzio wa mayai. Walioanza kula karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 na kuendelea hadi miaka 5 walipungukiwa na mzio kwa zaidi ya robo tatu wakilinganishwa na waliozuiwa. Ziwe zimesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, kamwe zisiwe nzima kwa aliye chini ya miaka 5 kwa sababu ya kupaliwa. Kama mdogo ana pumu ya ngozi, daktari aamue aanze lini na wapi. Na kwa kuwa nyumba hiyo ina mkubwa mwenye mzio, mdogo alishiwe mahali pamoja tu, kwa bakuli na kijiko vyake, kisha uso na mikono vioshwe kwa sabuni.

Mzio wa maziwa na mayai huwaishia watoto wengi wanapokua. Wa karanga huisha kwa kama mtoto mmoja kati ya watano, na njia ya kujua ni vipimo na kulishwa kwa hatua mbele ya daktari hospitalini. Kipimo cha damu au cha ngozi kikionyesha mzio peke yake, bila historia ya kudhurika, hakitoshi kumkataza mtoto chakula. Kila miezi sita mpimeni uzito na mwandike upya kadi ya dozi: ya mtoto wa kilo 12 inasema mililita 0.12, na akifika kilo 19 anahitaji 0.19. Siku hiyohiyo kagueni tarehe za ampuli zote, ile ya nyumbani na ile iliyoko shuleni.